Mkanda wa mkononi na sanduku la bakshishi: kwa nini kijana wako wa hoteli haji na dola

Wiki iliyopita, watu wakitoka msikitini Ijumaa, mama mmoja jirani yangu hapa Ukunda alinisimamisha njiani. Mwanawe ameajiriwa kuanzia mwisho wa Machi katika boti ya wapiga mbizi ya hoteli moja ya Diani, zile hoteli ambazo mgeni hulipia kila kitu kabla hajafika. Mama alikuwa na uchungu. "Kaka," akaniambia, "wewe umefanya kazi hiyo. Hoteli imejaa Wazungu, kila siku wanakwenda baharini, na mtoto wangu wiki tatu ameniletea shilingi elfu moja na mia nane. Zingine anazipeleka wapi?"

Nilimwambia asimhukumu kijana kabla hajajua bakshishi katika hoteli za namna hiyo hupita njia gani. Tukaketi barazani kwake nikamweleza. Nilipokuwa naondoka nikafikiri kwamba swali lake si lake peke yake. Nyumba nyingi za Pwani, kutoka Shimoni hadi Watamu, zina kijana mmoja anayeishi kwa bakshishi, na watu wa nyumbani huhesabu pesa ambazo hawajaziona. Kwa hivyo naandika hapa niliyomweleza mama yule. Mimi nilikuwa kwenye boti hizo miaka 14, kwanza baharia, mwisho kiongozi wa wapiga mbizi, tuliyemwita daivu masta.

Mkanda unamaanisha nini

Mgeni wa hoteli ya aina hii hufungwa mkanda wa plastiki mkononi siku anayofika. Mkanda huo ndio risiti yake. Chakula, vinywaji, kitanda na michezo mingine ya ufuoni vimekwisha kulipwa kwa wakala huko kwao, pengine miezi mitatu au minne iliyopita. Wengine hulipia hata mbizi zao kumi kwa pamoja.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, mgeni huyu haletewi bili. Katika mkahawa wa kawaida mtu hupewa bili, hutoa noti, hurudishiwa chenji, na ile chenji ndiyo humkumbusha kuacha kitu. Mwenye mkanda hana chenji. Hushuka ufuoni na kaptura na taulo, pochi yake imefungwa kwenye sefu chumbani.

La pili, neno lenyewe humdanganya. Ameambiwa kila kitu kimelipiwa, naye anaamini bakshishi imo ndani. Mara nyingi haimo. Katika bei aliyolipa mna kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo ni ya serikali, na ushuru wa utalii wa asilimia 2, ambao huenda kwa Hazina ya Utalii. Hapana hata senti moja kati ya hizo inayomfikia aliyembebea mtungi. Akienda mbizi katika hifadhi ya Kisite-Mpunguti, hulipa pia kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hiyo nayo ni ya hifadhi. Nimewaona wageni wakiamini kabisa kwamba kile kiingilio ndicho malipo yetu.

Ziko hoteli zenye ada ya huduma, ambayo hugawiwa wafanyakazi kupitia mshahara. Hiyo ni tofauti na bakshishi. Kama ipo, lazima ionekane kwenye karatasi ya mshahara. Kama haionekani, kijana aulize.

Watu saba kwa mgeni mmoja

Mgeni akipiga mbizi huona mtu mmoja: daivu masta anayeshuka naye. Ndiye anayemwonyesha kasa na pweza, ndiye anayemshika mkono mkondo ukiwa mkali. Basi mwisho wa wiki mgeni akitaka kushukuru, macho yake humtafuta huyo.

Lakini hesabu walio nyuma. Kuna fundi wa kompresa, ambaye huamka kabla ya alfajiri kujaza mitungi na kuhakikisha hewa ni safi. Hewa ikiingia moshi wa mafuta, mtu anaweza kufa chini. Kuna wanaoibeba mitungi hiyo kuivusha mchanga hadi kwenye boti, na mtungi mmoja uliojaa huwa na kilo kama 16. Kuna nahodha anayejua mlango wa mwamba, maji ya bamvua na maji mafu, na saa gani boti itapita bila kugusa. Kuna baharia anayekaa juu akifuata mapovu ya walio chini, ili mtu akiibuka mbali aonekane. Na kuna anayeosha nguo za mpira na vifaa kwa maji baridi jioni, wageni wakiwa baa.

Kijana wa jirani yangu ni baharia mwanafunzi. Mgeni humwona akivuta nanga, humwambia asante, basi.

Sanduku, mkono na bahasha

Bakshishi hutolewa kwa njia tatu. Ya kwanza ni sanduku la mbao au la kioo linalowekwa kwenye kituo cha mbizi. Linaloingia humo ni la wote. Ya pili ni mkono kwa mkono. Ya tatu ni bahasha, ambayo huandikwa jina la mtu au la boti na kuachwa kituoni au mapokezi siku ya kuondoka.

Kila kituo kina mgao wake. Kwetu tulikuwa na hisa. Daivu masta hisa mbili, nahodha hisa mbili, baharia, fundi wa kompresa na mwosha vifaa hisa moja na nusu kila mmoja. Tuseme wiki nzuri ya Januari sanduku limetoa shilingi 24,000. Daivu masta walikuwa wawili, nahodha mmoja, mabaharia wawili, fundi mmoja na mwosha vifaa mmoja. Jumla ni hisa 12, kila hisa shilingi 2,000. Daivu masta na nahodha walipata 4,000 kila mtu, wengine 3,000 kila mtu. Mwanafunzi alipewa nusu hisa, itolewe kwanza kabla ya kugawa. Vituo vingine hugawa sawa kwa sawa, na sioni ubaya.

Hiyo ni Januari. Kusi likianza kuvuma mwezi wa Aprili, bahari huchafuka, chini hakuonekani, na boti hukaa ufuoni siku nyingi. Mei na Juni baadhi ya hoteli hufunga kabisa au hufunga nusu ya vyumba. Hata wageni wachache waliobaki hawaendi mbizi. Kijana aliyeanza mwisho wa Machi ameanza wakati mbaya kuliko wote. Shilingi 1,800 kwa wiki tatu katika mwezi huu, kwa nusu hisa, ni pesa za kweli. Mama yule aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, akaniuliza kama msimu utarudi. Nikamwambia matlai yakifika, Oktoba au Novemba, ataona tofauti.

Kosa langu mwenyewe

Sitaki kuandika kama kwamba vijana hawafichi. Mimi nilificha.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Mjerumani mmoja aliyekaa nasi siku kumi alinipa yuro 50 asubuhi ya kuondoka kwake. Wakati huo zilikuwa zaidi ya shilingi elfu nne. Alisema kitu, nikasikia nusu, na ile nusu niliyoisikia ilitosha kunijulisha kwamba ni ya sote. Nikaitia mfukoni nikajiambia sikuelewa lugha.

Mgeni yule kabla ya kupanda gari alipita kwa fundi wa kompresa kumuaga, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, akamuuliza kama amepata sehemu yake. Mzee yule hakunisema mbele ya mgeni. Alisema, "Ndiyo, asante." Alikuja kwangu baadaye, akasimama, akanitazama tu. Nilikuwa nimekwisha tumia nusu. Nilizirudisha kwa wiki mbili, na nahodha akanipa adhabu ya kukaa bila hisa mwezi mzima. Alisema pesa ya boti ni ya boti, na anayemdhulumu fundi wa hewa amesahau kwamba kesho atashuka na mtungi uliojazwa na mtu huyohuyo.

Tangu hapo tuliweka kanuni: anayepewa mkononi, kama hakutajiwa kwamba ni yake peke yake, anaweka sandukuni mbele ya mwenzake. Akitajiwa ni yake, ni yake, na hakuna wa kumtolea macho.

Sanduku nalo lina hila zake. Kituo kimoja nilichofanyia kazi, ufunguo alikaa nao msimamizi, akafungua peke yake kila mwisho wa mwezi na kututangazia jumla. Huenda alikuwa mwaminifu. Lakini hatukuwa na njia ya kujua, na kutojua kulileta fitina kuliko uhaba wenyewe. Tuliomba lifunguliwe kila Jumamosi, watu watatu wakiwapo, na jumla iandikwe daftarini. Alikubali, na manung'uniko yakaisha. Kijana wako akikwambia sanduku halifunguliwi hadharani, mwambie waombe hilo kwa heshima, wote pamoja.

Kiasi gani, na pesa gani

Wageni wazoefu wa mbizi wengi hutoa dola 5 hadi 10 kwa siku ya mbizi, kwa boti nzima, na huitoa mara moja siku ya mwisho. Mwingine hutoa asilimia 10 ya bei ya mbizi. Hakuna sheria inayomlazimisha, na asiyetoa si mtu mbaya.

Kwao hutofautiana. Mmarekani amezoea, kwa kuwa sheria ya shirikisho kwao humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi ijazie hadi kufikia kima cha chini. Kwake, kutoacha kitu ni kumnyima mtu mshahara. Mfaransa kwao bei ya mkahawa tayari ina huduma ndani yake, kwa hivyo huacha sarafu kidogo akipenda. Mjerumani hukamilisha hesabu hadi tarakimu ya kufungia. Mjapani anaweza kuona ni kukosa adabu kumpa mtu pesa kwa kazi anayolipwa. Kijana akijua haya hatakasirika bure. Anayeondoka na asante peke yake huenda amekupa alichofundishwa kwao kuwa ndiyo heshima.

Aina ya pesa nayo ni shida. Sarafu za yuro hazibadilishwi hapa. Benki na maduka ya fedha hupokea noti tu. Ndiyo maana utawaona wafanyakazi wa hoteli Diani na Malindi wakimwendea mgeni na mfuko wa sarafu wakimwomba awape noti. Watu hudhani wanaomba. Wanabadilisha pesa yao wenyewe, na hakuna mahali pengine pa kuibadilisha. Dola nazo zina maneno yake: noti ya zamani, iliyochanika au iliyoandikwa kwa kalamu hukataliwa, na noti ndogo za dola 1 na 5 mara nyingi hupewa kiwango cha chini kuliko noti ya 100. Bakshishi ya shilingi za Kenya ndiyo bora kuliko zote. Mgeni akikuuliza, mwambie hivyo waziwazi, si aibu. Siku hizi wageni waliokwisha kuja mara mbili tatu huwa na laini ya M-Pesa. Hapo boti iwe na namba moja iliyokubaliwa na wote, si ya daivu masta peke yake.

Bakshishi isinunue bahari

Hili ndilo lililonifanya niandike, kuliko hesabu zote hizo.

Mgeni mwenye cheti cha kwanza cha mbizi anatakiwa asipite mita 18. Meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 karibu na Mombasa iwe maskani ya samaki, imelala chini zaidi ya hapo. Nimewahi kuonyeshwa noti ya dola 100 na mtu aliyetaka kushuka hadi chini kabisa siku yake ya nne ya kupiga mbizi maishani. Mwingine alitaka ashikiwe kasa apigwe picha akimkumbatia. Mwingine alitaka kombe litolewe kwenye mwamba, alipeleke kwao. Mwingine alichelewa, akataka tupande moja kwa moja bila kusimama dakika tatu kwenye mita 5, ambazo ni dakika za kuupa mwili nafasi ya kutoa gesi ya naitrojeni polepole.

Dola 100 ni nyingi kwa mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo. Sitamdanganya mtu kwamba hakuna anayekubali. Lakini pesa ya namna hiyo haiitwi bakshishi. Bakshishi ni shukrani, nayo huja baada ya kazi. Inayokuja kabla ya kazi, ili sheria ipindwe, tunajua jina lake kwa Kiswahili na kwa Kiarabu.

Na hasara yake hairudi kwa mgeni. Mgeni akipata ugonjwa wa kupanda haraka, atapelekwa hospitali na bima yake italipa. Daivu masta atapoteza cheti, na boti nzima itakaa. Kasa akizoea kusumbuliwa atahama mwamba ule, na mwamba usio na kasa hauleti mgeni wa mwakani. Kombe na matumbawe yakichukuliwa kutoka hifadhini ni kesi ya KWS. Nilijifunza kusema maneno mafupi: "Nikifanya hivyo nitapoteza kazi." Mgeni mwenye akili huelewa hapohapo, na wengi waliokataliwa hivyo walitoa zaidi siku ya mwisho.

Kwa vijana, na kwa sisi tunaokwenda kama wageni

Kijana, bakshishi haichukui nafasi ya mshahara. Mwajiri akikwambia utaishi kwa sanduku, jua kwamba kima cha chini cha mshahara kipo kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Vijana wengi wa boti huitwa vibarua miaka na miaka kwa kutojua hilo. Chama cha KUDHEIHA kinawatetea wafanyakazi wa hoteli, na kuuliza si kugoma.

Pia usipange maisha kwa pesa ya Januari. Mimi nilijifunza kugawa: bakshishi ya kaskazi, theluthi yake niliiweka kwa ajili ya kusi. Miaka niliyoshindwa kufanya hivyo nilikopa unga dukani mwezi wa Juni.

Na sisi wenyewe siku hizi tunakwenda hoteli hizo, sikukuu ya Idi au Desemba, tukifungwa mikanda kama wageni wengine. Nimeona watu wetu wakiwafokea wahudumu ambao ni watoto wa mtaani kwao, na kuondoka bila neno. Shilingi 200 au 300 kwa aliyekusafishia chumba siku tatu, iachwe juu ya mto na karatasi ya kusema ni yake, ili asiogope kuichukua. Ukipelekwa kwenye mwamba kutazama samaki, uliza sanduku liko wapi. Ukiwa huna, mwambie nahodha asante kwa jina lake, na umwandikie mkubwa wake kwamba amekuhudumia vizuri. Kwa mwanafunzi kama kijana wa jirani yangu, barua kama hiyo inaweza kumtoa kwenye nusu hisa.

Jana jioni nilimwona mama yule tena, akipaa samaki nyuma ya nyumba. Aliniambia amemuuliza mwanawe kwa upole, naye akamletea daftari dogo analoandika mgao wake kila Jumamosi. Shilingi 1,800 zilikuwa zote. Kijana hakuwa amebakiza hata nauli ya matatu. Alikuwa akienda kazini kwa miguu kutoka Ukunda hadi ufuoni, na mamake hakujua.